Barua Zenu: Bosi Katoa Madawati 50, Vibarua Wake Hawana Glavu

Mwangaluka wasomaji wangu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibia zote zinazunguka jambo moja, biashara na haki, nadhani ni kwasababu toleo lililopita nilimjibu yule mama wa Buzuruga aliyeuliza kama mwenye duka anayetoa sadaka kila Ijumaa anaweza kusamehewa kwa vipimo anavyopunja siku zingine. Nilimwambia hapana, nyie mkashika kalamu. Sitaweza kujibu zote, nimechagua sita, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana inanigusa mimi mwenyewe.

*Shikamoo mama. Nina miaka 29, nipo ofisi ya utawala kwenye kiwanda cha kuchakata samaki hapa Mwanza. Juzijuzi bosi katoa madawati 50 kwenye shule ya msingi, tukaenda na bango, mpiga picha, diwani akaja, watoto wakaimba. Sasa mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika ripoti ya mwaka, ile sehemu ya kampuni na jamii. Shida ni kwamba kwenye ukumbi wa kukata minofu tuna vibarua kama 80, wengi wamama, wanalipwa kwa siku, mkataba hawana, glavu wanapewa jozi moja ikichanika wanakatwa hela. Na sisi wenye ajira NSSF, ile michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, tunakatwa lakini nimeona kuna miezi haijapelekwa. Nikiandika habari za madawati naona kama nadanganya, nisipoandika kazi sina. Nifanyeje? M., Pasiansi.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikaiweka chini kwanza nikatoka nje.

Kabla sijaanza hii safu nilifanya kazi miaka sita ofisi ya hesabu kwenye kiwanda kimoja cha samaki, jina naliacha. Kulikuwa na mama mmoja anatoka Igogo, mkataji mzuri mno, sangara mkubwa alikuwa anamfungua mara mbili tatu minofu ishatoka safi, wasichana wapya wote walikuwa wanawekwa pembeni yake wajifunze. Siku moja kisu kikateleza kikapita kati ya dole gumba na kiganja. Walimpeleka akashonwa, alafu akakaa nyumbani siku kumi na moja bila hata shilingi, maana kibarua asipoingia halipwi. Wiki ileile mimi kwa mkono wangu niliandika vocha ya jezi za mashindano ya mpira ya mtaa, nikaiweka kwenye fungu la "huduma kwa jamii". Yote mawili nilikuwa nayajua, na meza yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa bosi, nikanyamaza. Miaka mingi imepita na ile vocha bado naikumbuka mpaka rangi ya karatasi. Kwahiyo sikujibu kama mtu aliyekuwa jasiri, nakujibu kama mtu anayejua kunyamaza kunavyokaa mwilini.

Madawati ni kitu kizuri, mtu asije akasema nimeyapinga, mtoto aliyekuwa anaandikia sakafuni leo kakaa. Ila tufuate hela mwanangu, wewe ni mtu wa ofisi unaweza kuifuata. Yule mama akichanika glavu akakatwa, ile hela imeenda wapi? Imebaki kwenye faida. Saa za ziada kama nazo hazilipwi, mchango wa NSSF uliobaki kwenye akaunti ya kampuni, vyote vimebaki kwenye faida. Alafu kwenye faida hiyohiyo ndo yametoka madawati. Maana yake wafadhili wa yale madawati ni wale wamama 80, na wao hata kwenye picha hawapo, na inawezekana kabisa watoto wao ndo wanasoma hapo.

Na haya unayoyataja bosi hawezi kuyaita ukarimu, ni deni la kisheria. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga yeye, bure, sio kumuuzia mfanyakazi kidogokidogo. Sheria ya ajira ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, zikizidi kila saa inalipwa mara moja na nusu, na anayefanya kazi usiku anaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa zile saa. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake, ikishakatwa ni hela ya mfanyakazi, kampuni imeishika tu njiani. Na ajali kama ile ya mama wa Igogo leo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri peke yake ndo anachangia, kibarua hatakiwi kutoa hata mia.

Sasa ufanye nini. Ripoti iandike. Madawati yaweke, mistari miwili inatosha. Alafu ongeza sehemu ya wafanyakazi kwa hesabu tupu bila maneno makali, wangapi wana mkataba na wangapi hawana, wangapi waliumia mwaka huu, glavu zilinunuliwa jozi ngapi na zilihitajika ngapi, michango ipi imepelekwa mpaka mwezi gani. Pembeni piga gharama ya kurekebisha, ukimaliza linganisha na gharama ya ile siku ya madawati, na bango, na chakula cha wageni, na mafuta ya magari, sidhani kama glavu za mwaka mzima zitazidi. Mpelekee bosi kama rasimu, mkiwa wawili, usimuaibishe mbele za watu. Mwambie pia wanunuzi wa minofu huko nje siku hizi hawaangalii samaki tu, wanauliza na mkono uliomkata. Tangu tarehe 24 Aprili 2013 lile jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh, likaua watu zaidi ya 1,100 waliokuwa wanashona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani, makampuni makubwa yalijua jina lao linaweza kuchafuliwa na ukuta wa kiwanda ambacho hawakuwahi hata kukitembelea. Na nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini ikaondoa watu wake, maduka yakafungwa, washonaji wakaambiwa waingie kazini. Mimi hilo ndo huwa linaniumiza zaidi ya lile la kuanguka, kwamba kulikuwa na mtu kama mimi na wewe ofisini alijua.

Akikataa? Usichukue nyaraka za ofisi ukazisambaza, utajiharibia. Ila salio la NSSF kila mwenye namba ya uanachama anaweza kuliangalia mwenyewe, waambie wenzio waangalie, wakikuta mashimo waende kama kundi. Afisa kazi yupo, wakaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini, wapo na ofisi ya kanda Mwanza. Tunayo pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya mwaka 2015, inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema. Na ikitokea ukafukuzwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, usikae nyumbani ukilia mpaka zikapita, watu wengi wanapoteza haki hapo tu kwenye kuhesabu siku.

Neno moja usiliandike: "kampuni inajali". Hilo waache wale wamama waliseme wenyewe siku wakiliona.

*Habari dada. Mimi nasoma biashara mwaka wa pili, nakaa Nyegezi. Darasani tumesoma Milton Friedman, mchumi wa Marekani, anasema kazi ya kampuni ni kutengeneza faida basi, mambo ya jamii ni ya serikali. Tukabishana mpaka karibu tupigane. Mimi nilikuwa upande wake. Mtu akilipa kodi yake, kwanini tena tumdai madawati? Naomba msimamo wako. Mwanafunzi.*

Mdogo wangu, nimefurahi mnabishana kwa hivyo vitu badala ya mpira peke yake. Friedman aliandika ile makala kwenye gazeti la New York Times Septemba 1970, na wengi wanaomtaja wanaishia kwenye kichwa cha habari. Ukifika mwisho wa makala utakuta ameweka sharti: faida itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, kwenye ushindani wa wazi, bila udanganyifu wala ulaghai. Hilo sharti sio dogo. Likishushwa hapa kwetu, mwenye mizani iliyochezewa ametoka nje, anayekata NSSF bila kuipeleka ametoka nje, na wenye viwanda wakikaa usiku kupanga bei moja ya kumnunulia mvuvi sangara, ushindani wa wazi umeshakufa. Kwahiyo hata ukimfuata huyo unayemtetea, wafanyabiashara wengi ninaowajua hawajafika bado kwenye mstari wake.

Msimamo wangu uko karibu na wa Archie Carroll, nae ni Mmarekani, msomi wa biashara, mwaka 1991 alichora piramidi ambayo nadhani mtaifikia muhula huu. Chini kabisa kaweka kampuni ijiendeshe kwa faida, juu yake itii sheria, juu yake itende haki hata pale sheria haijasema, alafu kileleni kabisa ndo kaweka misaada. Sisi huku tunaijenga kuanzia kileleni. Kampuni inaanza na msaada maana msaada unapigwa picha, lakini mshahara uliolipwa tarehe yake nani ataupiga picha?

Ninapotofautiana na Friedman ni hapo kwenye "serikali itafanya". Mzee wangu alikuwa fundi boti Kirumba, kwake serikali ilikuwa ni mtu mmoja anayepita na pikipiki mara mbili kwa mwaka. Kiwanda kinakuwepo kila siku, kinavuta maji ya ziwa kila siku, kinarudisha maji kila siku. Huwezi kuishi na mtu kila siku alafu useme mambo yake yatatazamwa na mpita njia. Ila hoja yako ya madawati nakubaliana nayo nusu, mlipa kodi halali anayelipa watu wake vizuri simdai dawati, akitoa nitamshukuru asipotoa simnunii.

*Mama habari ya huko. Niko Igombe nakausha dagaa. Nilikopa kikundi nikajenga vichanja vya mbao na nyavu, dagaa wangu wanakauka safi. Jirani yangu anamwaga chini mchangani na kabla hajashona gunia anaongeza mchanga makusudi, gunia linakuwa zito. Tukifika soko la Mwaloni bei tunapewa karibia sawa. Deni la kikundi linanisubiri. Na mimi niongeze? Mama N.*

Usiongeze mama. Najua jibu rahisi kutoa ukiwa huna deni, kwahiyo niongee kidogo.

Mama yangu mzazi alikuwa anauza dagaa Mwaloni, huo mchanga naufahamu, nimeuchambua kwenye ungo nikiwa mdogo mpaka vidole vinauma. Mlaji wa Dodoma au Kongo akitafuna mara moja meno yakagonga jiwe, hamlaumu jirani yako, anasema "dagaa wa Mwanza wana mchanga", basi, ameshatuweka wote kwenye gunia moja. Na ziwa hili limeshaonja. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwasababu kuna watu walikuwa wanamwaga sumu majini wapate samaki haraka. Waliomwaga sumu walikuwa wachache. Aliyeumia ni kila mwenye nyavu, pande zote tatu za ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, na aliyekuwa anavua kihalali hakupewa soko lake la pekeyake.

Pamba nayo ina historia inayofanana na hii yako. Wasukuma waliokuwa wanalima miaka ya mwanzo ya 1950 walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na hicho kilio ni moja ya vitu vilivyowapa nguvu kina Paul Bomani kujenga ushirika, ikaja Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika, mwaka 1955, chombo kikubwa kweli kweli. Yaani ushirika wetu sisi watu wa Kanda ya Ziwa umetoka kwenye mizani. Alafu miaka ikaenda, wapo wakulima nao wakaanza kumwagia pamba maji na kuchanganya mchanga ili wapate kilo, mnunuzi anapunja huku, mkulima anapunja kule, mwisho bei ya pamba yetu ikawa inashushwa kabla hata haijakaguliwa. Hakuna aliyepata kwenye hiyo.

Sasa deni. Wewe bidhaa yako ni bora ila unaiuza ikiwa imevaa sura ya wenzio, hapo ndo hela yako inapopotea. Watafute wamama wengine wenye vichanja, hata wanne watano, magunia yenu yashoneni kwa uzi wa rangi moja, mkifika sokoni fungueni gunia lolote atakalochagua mnunuzi, mimina kwenye turubai mbele yake, apekue. Na mpime kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, mzani wa biashara unatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, usione aibu kuuliza stika iko wapi. Mara ya kwanza atakupa bei ileile. Akirudi mara ya tatu akiutafuta uzi wenu, hapo ndo utaongea nae bei. Jirani yako kwanza ongea nae mwenyewe, akiendelea lipelekeni kwenye kikao cha BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo, maana uharibifu wake ni wa mwalo mzima.

Na niandikie tena mama, nataka kujua deni limefikia wapi.

*Dada nina duka la vifaa vya ujenzi Igoma. Wakaguzi wakija, leseni ninayo, kila kitu ninacho, lakini kuna mmoja lazima aseme "niachie ya soda". Mume wangu anasema hiyo sio rushwa ni utu. Ni kweli?*

Sio kweli dada. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inambana anayetoa na anayepokea, na ya soda leo mwakani inakuwa ya ada ya mtoto. Malipo halali ya serikali siku hizi yana kontrol namba na risiti, mwambie hivyo kwa sauti ya kawaida, "naomba kontrol namba kaka", alafu kaa kimya. Akigoma kusaini ukaguzi, TAKUKURU namba yao ni 113, haikati hela. Na mume wako mwambie utu ungekuwa kumpa maji ya kunywa, hayo mpe hata kila siku.

*Shikamoo. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji, tuko karibu na mgodi mkoa wa Geita. Kila mwaka tunatangaziwa mgodi umetoa fedha za CSR, yaani za huduma kwa jamii, lakini tunaona vitu vinajengwa mjini, zahanati yetu chumba cha kujifungulia hakina hata pazia. Nyumba zina nyufa, tukiuliza tunaambiwa "si tuliwajengea darasa?" Nani anapanga hizi fedha?*

Marahaba mheshimiwa. Hapa kuna vitu viwili vimechanganywa na wanaovichanganya wananufaika na huo mchanganyiko, tuvitenganishe.

Kwanza hizo fedha. Zamani mgodi ulikuwa unatoa unavyopenda, ukipenda kisima ni kisima, ukipenda mpira ni mpira. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yaliingiza kifungu cha 105, mwenye leseni ya madini lazima kila mwaka aandae mpango wa huduma kwa jamii na akubaliane na halmashauri husika, na halmashauri ndo inatengeneza mwongozo na kusimamia utekelezaji. Kwahiyo swali lako usilipeleke getini kwa mgodi peke yake, lipeleke kwa diwani wako, mpango wa mwaka huu uko wapi, kijiji chetu kimo kwenye ukurasa gani? Chumba cha kujifungulia kiandikeni kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, kwa gharama, mapema kabla mpango haujafungwa. Ninachokiona mimi ni vijiji kulalamika Novemba juu ya mpango uliopita Februari. Halmashauri nazo zina lawama kubwa hapa, nyingine zinapenda kujenga kitu kinachoonekana barabarani, jambo ambalo mama mwenye uchungu wa kujifungua huko kijijini halimsaidii lolote.

Pili, nyufa. Darasa haliwezi kulipa nyumba iliyopasuka. Kama nyufa zimetokana na ulipuaji, hiyo ni fidia, inatakiwa ithibitishwe na ilipwe mwenye nyumba, kwa jina lake. Mrabaha, kodi, ushuru wa huduma, fidia, hivyo vyote ni madeni, na hata CSR yenyewe kwa kifungu hicho imeshakuwa wajibu. Mtu akikulipa deni moja hafuti lingine. Pigeni picha nyufa zikiwa na tarehe, andikeni siku na saa za milipuko, nyumba kwa nyumba, muende Tume ya Madini na NEMC, wale wa mazingira, mkiwa na hilo daftari. Sio haraka, ntakuwa muongo nikisema ni haraka. Ila nimewaona watu wenye daftari wakisikilizwa zaidi ya wenye kelele.

*Dada, mimi na rafiki yangu tuna boti ya mbao ya injini, tunabeba abiria na mizigo visiwani Ukerewe. Boti imeandikishwa abiria 30. Siku za gulio, Jumamosi, mwenzangu anapakia mpaka 45, 50, anasema watu wenyewe wanang'ang'ania kupanda, na hela ya gulio ndo inalipa mkopo wa injini. Majaketi okozi tunayo 18. Mpaka sasa hakuna kilichotokea. Nimsemeshe vipi bila kuvunja urafiki?*

Kaka yangu, barua zingine zote za leo zinaongelea hela, yako inaongelea watu kufa, kwahiyo nisamehe nikiwa mkali.

Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi ya gulio. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara, uwezo wake abiria 101, kikapinduka kikiwa kimebaki kidogo tu kufika gatini, watu wanakiona kutoka ufukweni. Walikufa 228. Wewe ni mtu wa Ukerewe, huhitaji mimi nikueleze, pengine ulikuwa kwenye mitumbwi iliyoenda kuokoa. Na wale abiria nao walipanda kwa miguu yao, walikuwa wanawahi nyumbani na mizigo ya gulio. Abiria hajui boti yako inabeba kilo ngapi. Anamuona nahodha ametulia, na yeye anatulia. Hiyo imani ndo anayokulipia nauli, kwahiyo "wanang'ang'ania wenyewe" sio utetezi hata kidogo.

Na "hakuna kilichotokea" maana yake ziwa lilikuwa shwari siku hizo. Wewe unajua upepo wa mchana unavyoamka pale katikati bila kuaga.

Kuhusu namna ya kumwambia, usianze na sheria wala TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, anza na daftari. Kaeni muandike mkopo umebaki kiasi gani, na gulio la abiria 30 linaingiza ngapi, mkiongeza safari moja ya asubuhi mapema inakuwaje, mkienda kwa mkopeshaji kuomba miezi iongezwe inakuwaje. Mara nyingi mtu anapakia sana kwasababu ameogopa deni peke yake usiku, ukiliweka mezani mkaliona wawili linapungua ukubwa. Majaketi 12 yaliyobaki yanunueni kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kulipa rejesho la mwezi huu, mkopeshaji atasubiri.

Alafu mwambie wazi kwamba wewe ni mmiliki nusu na kuanzia sasa akizidisha 30 utashuka, na utawaambia abiria kwanini umeshuka. Kama urafiki utavunjika kwa hilo, uvunjike. Na asipokusikia toa taarifa TASAC mwenyewe, boti ni yako pia.

Umesema gulio lenu ni Jumamosi. Gazeti hili linatoka Jumatano, una siku tatu, nenda kwake leo jioni.